Sikio la Kushoto la Mama Mkwe

Hoikkavaara, 9 Mei 1999

Mdogo wangu Saimi,

Pokea salamu za nyumba ya baba yetu, ambayo paa lake limevuka msimu mwingine wa theluji bila kuanguka, jambo ambalo mimi na paa lenyewe hatukulitegemea. Barafu ya ziwani ilipasuka juzi. Pirkko wa posta anakusalimu, Tauno wa ng'ambo ya ziwa anakusalimu, na mbwa naye angekusalimu kama asingekufa Februari. Sikukuandikia habari za mbwa kwa sababu alikuwa mzee na mimi sikuwa na la kusema.

Mumeo Rune anaendeleaje? Ule mkono wake uliopooza umeanza kushika kijiko? Mwambie shemeji yake anamngoja kwenye karata, na safari hii sitamwonea huruma kwa sababu ni Mswidi.

Mimi ni mzima ila nimechoka. Jana nilibeba ndoo mbili za vichwa vya samoni kutoka barabarani hadi kibandani, kilomita mbili za kinamasi, nikapumzika mara sita. Zamani sikuwa napumzika hata mara moja. Wageni wa kwanza wanafika wiki ijayo. Watajifungia humo kibandani tangu jioni hadi asubuhi, kimya, pua kwenye dirisha, wakiwangoja wenye msitu waje kula vichwa hivyo. Kisha watanishika mkono na kuniambia maisha yao yamebadilika. Yangu hayabadiliki, nanuka samaki kuanzia Mei hadi Septemba.

Sasa habari yenyewe: Mama Mkwe ameamka usingizi wake wa miezi ya theluji. Unakumbuka nilimpa jina hilo miaka kumi na minne iliyopita, kwa kuwa anakuja bila kualikwa, anakula vyote, hashukuru, na anaondoka amenuna. Mimi sikuoa, kwa hiyo ndiye mama mkwe pekee niliyejaliwa. Amekonda. Mwaka huu hana watoto. Lakini lile sikio lake la kushoto lililochanika bado linaning'inia vilevile.

Saimi, umeahidi kuja kumwona tangu nilipojenga kibanda. Njoo mwaka huu. Dirisha la kushoto ndilo bora, nitakuwekea.

Kalamu hii ni mbovu, ndiyo maana herufi zimekuwa kubwa.

Kaka yako,
Oiva


Borås, 2 Juni 1999

Kaka Oiva,

Nakusalimu wewe, paa, Pirkko na Tauno. Pole kwa mbwa. Ungeweza kuniambia Februari, ningelia mwezi huohuo yakaisha.

Barua yako niliitazama muda mrefu kabla sijaisoma. Jina langu peke yake limeijaza bahasha nzima, anwani ikabidi ipande hadi penye stempu. Usinisingizie kalamu. Umekwenda kwa daktari wa macho Kajaani? Niliuliza Krismasi, nikauliza tena Machi. Naona swali hili unaliruka kama mtaro.

Rune hajashika kijiko. Analala mchana, usiku ananiita kwa jina la mama yake. Namgeuza kila baada ya saa mbili. Nimefanya kazi kiwanda cha nguo miaka thelathini na mmoja, mashine ikinipigia kelele sikioni, na sikuwahi kuchoka hivi. Sikuambii ili unionee huruma. Nakuambia kwa sababu hapa hakuna mwingine anayeuliza.

Gazeti la nyumbani bado nalipata, linanifikia wiki moja baada yenu, nalisoma lote mpaka matangazo ya matrekta. Nimeona Tauno amechaguliwa tena mwenyekiti wa chama cha wawindaji. Mpe hongera, au mpe pole, utaona mwenyewe.

Halafu, bwana wee, mpaka lini utaandika "wenye msitu"? Mnyama huyo anaitwa dubu. Huku Uswidi watu wanamtaja jina mchana kweupe na hakuna kinachowapata.

Nitajaribu kuja Agosti. Lakini dirisha usiliwekee ahadi.

Saimi


Hoikkavaara, 27 Juni 1999

Mdogo wangu,

Sikukuu ya kati ya kiangazi imepita. Moto tuliuwasha ziwani, mvua ikauzima, tukala soseji mbichi kama kila mwaka. Tauno alikunywa kidogo, akaimba sana. Tulitaja jina lako.

Barua yako ilikaa kwa Pirkko siku nne kwa kuwa sanduku letu la barua lilikuwa limelala chini. Nililigonga mwenyewe nikirudisha gari nyuma, jua lilinipiga usoni. Tauno amelisimamisha upya. Akaniambia, "Oiva, hata sisi wawindaji huwa tunaangalia kwanza." Pirkko aliileta barua na kukaa kunywa kahawa, kama ilivyo desturi yake siku hizi.

Wiki iliyopita nilikuwa na Wajerumani wawili, mtu na mke wake. Niliwapa masharti yangu: hakuna manukato, hakuna sigara, mlango haufunguliwi mpaka niseme mimi, na asubuhi tukitoka tunaandamana mmoja nyuma ya mwingine, bila neno hata moja, mpaka barabarani. Jioni ile kiti kilikuwa hakijapata joto, nikawanong'oneza, "Amekuja."

"Yuko wapi?" mume akauliza.

"Kushoto kwa kisiki."

"Mbona simwoni?"

"Basi nyamaza umsikilize."

Akainamia dirisha. Punde mkewe akamfinya mkono, "Yule pale! Yule pale!" Alikuwa ni Mama Mkwe. Asubuhi mume akaniuliza, "Mzee, umewezaje kumwona kabla ya kamera yangu?" Nikamjibu kwamba kamera yake haijaishi hapa miaka sitini na tisa.

Kuhusu lile jina: ukimtaja, umemwita. Baba hakuwahi kumtaja na hakuwahi kuliwa. Mimi sioni sababu ya kubadilisha.

Beri zetu za hilla zimechanua kinamasini. Ukija Agosti zitakuwa zimeiva, utakula na jibini la kuoka kama tulipokuwa watoto. Msalimie Rune.

Oiva


Borås, 30 Julai 1999

Kaka Oiva,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na karatasi nyingi za kujaza, na watu kuingia na kutoka. Joto ni kali, nyasi zimekauka, mwenye nyumba amekataza kumwagilia.

Nyumba imetulia. Usiku hakuna anayeniita, nalala mpaka asubuhi, na bado sijazoea. Naamka kila baada ya saa mbili, nakaa kitandani, halafu nalala tena.

Agosti siwezi kuja. Usiniulize sababu. Wala usifikirie kuja wewe, nakujua, ukisikia jambo lolote unaruka ndani ya gari. Kaa hapohapo na wageni wako. Tafadhali, Oiva, nimekuomba.

Nifanyie jambo moja. Wageni wako wana kamera kubwa. Muombe mmoja wao picha ya Mama Mkwe, unitumie. Kuna ukuta hapa umebaki mtupu.

Saimi


Hoikkavaara, 5 Septemba 1999

Mdogo wangu Saimi,

Salamu. Baridi imeshaanza, asubuhi nyasi zinavunjika chini ya buti. Viazi nimechimba nusu, nusu nyingine inaweza kuningoja.

Picha hiyo hapo. Ameipiga mgeni kutoka Bremen tarehe 28 Agosti, akaisafisha mjini na kuniletea kabla hajapanda treni. Mtazame! Miaka yote hii, na bado anakuja mbele ya dirisha langu kununa. Umeliona sikio?

Mengine si mazuri. Tauno haji tena kunywa kahawa. Ni tangu Agosti, ishirini na kitu. Nilikutana naye dukani akaniambia "Siku njema" kama karani wa benki. Nikiingia mahali watu wanaongea, wanaanza kuzungumzia hali ya hewa. Pirkko naye amekuwa mpole kupita kiasi, juzi kaniletea keki. Pirkko! Nimejaribu kukumbuka nimemkosea nani, sikumbuki. Sitauliza. Mwenye neno na aje nalo.

Nami nimechoka, Saimi. Siku hizi nikifika kibandani nakaa sakafuni kwanza kabla sijamwaga samaki. Wakati mwingine nafikiri nifunge tu. Lakini nikifunga, nitaamka asubuhi nifanye nini? Nitakaa dirishani nimtazame nani?

Hukuniambia kama mkono wa Rune umeshika kijiko.

Oiva


Borås, 19 Septemba 1999

Kaka Oiva,

Mimi ni mzima. Picha imefika, nimeitundika jikoni. Ni dubu mzuri.

Gari anaendesha nani siku hizi? Ni wewe mwenyewe? Hata usiku?

Lile gazeti la nyumbani, kwako haliji?

Pumzika, usibebe ndoo mbili kwa pamoja.

Saimi


Hoikkavaara, 3 Oktoba 1999

Mdogo wangu,

Barua yako ilikuwa fupi kama risiti. Pirkko alisema, "Basi, ndiyo hiyo," tukatazamana. Gazeti sikuongeza malipo yake, limejaa matangazo. Gari naendesha mimi, kwani nani mwingine? Nafahamu barabara hii kuliko inavyojifahamu.

Msimu umekwisha, kibanda nimekifunga. Ngoja nikuchekeshe na safari ya mwisho.

Nilikuwa na wageni saba, mmoja wao mama wa Kiholanzi, mtu mzima, aliyekuja peke yake. Usiku ulikuwa mzuri, mwenye msitu alikula hadi alfajiri. Asubuhi nikawahesabu: saba, wote wamesimama ukutani. Nikafungua mlango, tukaandamana kwa kimya changu kile mpaka barabarani. Naanza kuwapakia, ni sita. Nahesabu tena, sita. Kumbe wa saba niliyemhesabu lilikuwa koti kwenye msumari! Mama wa watu alikuwa humo ndani, kwenye kona ya nyuma, anafunga mizigo yake, akatoka akakuta mlango wazi na sisi hatupo. Nimerudi mbio, namkuta katikati ya njia anakuja taratibu na miguu mitatu ya kamera begani.

"Mzee," akaniambia, "mmoja wao alikuwa amesimama hapo, hatua thelathini hivi. Tulitazamana. Akaniachia njia."

"Ulifanya nini?"

"Nilimwambia samahani."

Tulicheka mpaka machozi. Nadhani wengine hawakucheka sana. Lakini wewe cheka, maana najua huko kwako hakuna wa kukuchekesha.

Oiva


Borås, 14 Oktoba 1999

Kaka yangu,

Leo sina salamu ndefu. Barua yako nimekaa nayo siku tatu. Umesema nicheke, na sikucheka.

Nadhani kuna mtu anakusomea barua zangu. Kama yupo, na aisome hii mpaka mwisho, asiruke kitu.

Mama Mkwe amekufa. Alipigwa risasi tarehe 21 Agosti, siku ya pili ya msimu wa kuwinda, mbali na kibanda chako, upande wa mashariki wa ziwa. Tauno ndiye aliyempiga, kwa kibali halali. Hakujua ni nani mpaka alipomgeuza akaliona sikio. Iliandikwa kwenye gazeti la nyumbani: jike mzee, hana watoto, sikio la kushoto limechanika, meno yamekwisha. Mimi niliyeko Borås nilijua kabla ya wewe unayeishi naye.

Picha uliyonitumia ilipigwa tarehe 28. Dubu aliyemo ni kijana, masikio yake yote mawili ni mazima na yamesimama wima. Hata mtoto mdogo angeona, Oiva. Wewe hukuona. Huoni wenye msitu, huoni sanduku la barua, huoni kwamba koti ni koti. Unasikia kitu kinakula gizani na unawaambia watu ni yeye. Yule mama angekutana na jike mwenye watoto, leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine.

Sasa na mimi niseme langu. Rune alifariki tarehe 22 Juni, mchana, nikiwa nakaanga samaki. Tulimzika tarehe 2 Julai. Tulikuwa watu kumi na mmoja kanisani, na kwenye kiti cha pembeni yangu niliweka mkoba wangu ili mtu asikae.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu ya bahasha ile. Niliutazama mwandiko wako nikajua. Ningekwambia Rune amekufa, ungepanda gari saa hiyohiyo na kuendesha kilomita mia saba hadi kwenye meli Turku. Usingekubali treni, usingemwomba mtu, usingesema huoni. Nilikuwa nazika mume, sikutaka kuzika na kaka wiki hiyohiyo. Nikanyamaza. Nimekaa na msiba wangu karibu miezi minne bila kaka yangu, kwa sababu ya macho ambayo hutaki kuyasema. Nimekukasirikia mpaka nimechoka kukasirika.

Mpe mtu ufunguo wa gari. Usipompa, nitampigia simu Tauno mimi mwenyewe, na nitamwambia mbele ya mke wake.

Nakupenda, mpumbavu wee.

Saimi


Hoikkavaara, 14 Novemba 1999

Mdogo wangu Saimi,

Karatasi zimekuwa nyingi kwa sababu naandika na chaki ya kutia alama magogo. Ni nyekundu na nene, nayo naiona. Usizichanganye, nimeweka namba.

Pole, mdogo wangu. Pole sana kwa Rune. Hilo ndilo nililopaswa kuandika Juni.

Pirkko ndiye anayenisomea, tangu masika ya mwaka jana. Safari hii alifika pale ulipomtaja Mama Mkwe, akasimama.

"Endelea," nikamwambia.

"Siwezi."

"Unalipwa mshahara na posta, endelea."

"Nalipwa kuleta barua, Oiva, silipwi kusoma."

Lakini akasoma yote. Ya Rune aliisoma huku analia, ikabidi nimtengenezee kahawa yeye. Nikamuuliza kwa nini hakunieleza habari za Agosti, naye pamoja na kijiji kizima wanajua. Akasema hakuna aliyetaka kuniumiza, kila mmoja alidhani mwingine ameshaniambia. Hapa kwetu ndivyo tulivyo, unatujua. Tungeweza kumwacha mtu aunguliwe nyumba yake kwa kuogopa kumsumbua.

Siku ya pili nilizunguka ziwa kwa miguu. Tauno alifungua mlango, nikaweka ufunguo wa gari mezani kwake.

"Umempiga mama mkwe wangu," nikasema.

"Nimempiga."

"Aliteseka?"

"Hapana. Ilikuwa moja tu." Kisha akakaa, akajifunika uso na kofia. "Kila siku nilikuwa navaa buti nije kukuambia, Oiva. Navaa, navua."

Sikujua, Saimi. Nataka uniamini. Nilisikia mtu anakula, na nilitaka sana awe yeye. Basi, kwa kuwa sasa hawezi kunisikia, nimtaje: alikuwa dubu mzuri.

Tauno alinipeleka Kajaani. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki kidogo, nimepewa matone ya kulilinda, nitie asubuhi na jioni. Daktari aliniuliza kwa nini nimechelewa. Nikamwambia nilikuwa na wageni.

Kuhusu Rune nilikukasirikia wiki nzima. Ningekuja, Saimi. Unajua ningekuja. Jioni moja nilitoa karata nikagawa za wawili, zake nikaziweka upande wa dirishani. Nikakaa, halafu nikazirudisha kwenye boksi. Ulifanya vizuri kunizuia. Lakini kile kiti chenye mkoba kinaniuma, na kitaniuma.

Niliamua kufunga kibanda kabisa. Tauno amekataa. Anasema Mei atabeba ndoo yeye, wageni atawahesabu yeye, na mlango ataufungua yeye. Nimemuuliza mimi nitafanya nini. Akasema, "Utafanya unachofanya sasa, utasikiliza."

Basi njoo Mei. Huna tena wa kumgeuza usiku, na mimi sina tena gari la kukutisha nalo. Panda meli, Tauno atakupokea stesheni. Dirisha la kushoto ni lako, mimi nitakaa nyuma yako. Nikisikia kitu nitakugusa bega, wewe utazame. Ukiona mtu, niambie ana masikio gani. Na ukiona hakuna mtu, Saimi, sema hakuna mtu.

Kaka yako,
Oiva